Jino Lililotiwa Masizi

Koplo Belmiro alikuwa ameshaziandaa pingu. Alikuwa ameziweka mezani, kando ya kikombe chake cha kahawa na kipande cha mkate wa mahindi, mtu angedhani nazo atazila.

"Boti ya Horta inaondoka saa nane mchana, afande," alimwambia Inspekta Otília Dutra kabla hajavuta kiti. "Hakimu anamsubiri mtuhumiwa. Ushauri wangu, tumpeleke tu yaishe."

"Sasa saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Basi bado ni wangu," alisema Otília, akaketi. "Nisomee ulichoandika."

Belmiro hakuwa ameandika mengi. Jumatatu, yaani jana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Idalina Brum alitoka mbio katika karakana ya Fundi Evaristo Ávila akipiga ukunga. Fundi, mzee wa miaka sitini na minane, alikuwa amelala chini ya ngazi ya mawe inayoshuka kutoka chumbani kwake, shingo imevunjika, mwili umeshakakamaa. Daktari alisema alikufa Jumapili kati ya saa nne na saa sita usiku. Ukosi wa sweta lake ulikuwa umeraruka kwa mbele, na ngazi haimkabi mtu. Jino la nyangumi alilokuwa akilichora tangu Krismasi halikuonekana. Idalina alikuwa mwanafunzi wake kwa miaka tisa na ndiye mwenye ufunguo wa pili. Jumapili aliondoka kwenye karamu ya supu ya sikukuu ya Roho Mtakatifu saa tatu usiku, akaenda kulala peke yake. Na jana, watu walipofika, viganja vyake vilikuwa vyeusi tii.

"Jino kama lile mtalii Mjerumani ananunua kwa bei ya ng'ombe wawili," Belmiro alieleza. "Mwanamke hana mume, hana kazi tangu kiwanda cha mafuta ya nyangumi kifungwe. Hesabu inajumlika."

"Alipopiga ukunga nani alifika kwanza?"

"Wote, afande. Mimi, mke wangu, majirani..."

"Nimeuliza wa kwanza."

Belmiro alijikuna shavu. "Nahodha Januário Goulart. Nyumba yake imegusana na karakana."

"Na jino, wakati huo, lilikuwapo mezani?"

"Sisi tulikuwa tunamwangalia marehemu. Hatukuja kuangalia meno."

Otília alifunga daftari la Koplo akaomba ufunguo wa stoo.

Idalina alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, mikono mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mabega mapana, macho yamevimba kwa kulia na kwa kukosa usingizi. Alimsalimu Inspekta kwa adabu, kisha akamuuliza kama kuna mtu aliyemfungia Fundi dirisha, maana ukungu ukiingia karakanani sindano zinapata kutu.

"Twende ukafunge mwenyewe," alisema Otília.

Ukungu ulikuwa umeteremka mlimani tangu alfajiri, na bandari ndogo ya Porto da Baixa ilikuwa imezama ndani yake pamoja na mashua zake. Walipita kwenye mteremko wa mawe ambapo zamani nyangumi walikuwa wakikokotwa. Kitu kilikuwa kikigonga chini kule majini, kama kasia kwenye ubavu wa mashua, ko, ko, kikinyamaza, kisha ko tena. Idalina hakugeuka, ila alifanya ishara ya msalaba.

"Kasia la nani lile?" aliuliza Otília.

"La baba yangu, wanavyosema. Laureano Brum. Alizama mwaka hamsini na nne, kamba ya chusa, ule mkuki wa kuvulia, ilimnasa mkono ikamshusha na nyangumi. Siku za ukungu anagonga. Fundi alikuwa akisikia hivyo anafungua mlango na kuuacha wazi, hata kama ni baridi ya kuua. Anasema, 'Nasikia, nasikia.'"

"Fundi alikuwa mashua moja naye?"

"Saba walikuwa. Fundi, baba, Nahodha Januário kwenye usukani. Wengine wanne wameshazikwa."

Otília hakuwa mtu wa mizimu, lakini alijikuta anaharakisha hatua, na hilo lilimuudhi.

Karakana ilinuka mafuta ya taa na mfupa uliokwanguliwa. Rafuni yalipangwa meno, moja limechorwa tausi, moja limechorwa mlima wa Pico na wingu lake kileleni, moja mwanamke anayefuma lesi, na ile lesi imekatwa kwa mistari myembamba hivi kwamba Otília alikaribia kuligusa kwa pua. Kulikuwa na kitana cha pembe ya tembo kilichokaa karne nzima, na kipande cha pembe ya kulungu wa kaskazini ambacho baharia mmoja alibadilishana na Fundi kwa chupa mbili za divai. Kazi ile ilikuwa nzuri kupita kiasi, na ilimsikitisha kufikiri kwamba mkono ulioifanya ulikuwa kwenye barafu ya hospitali.

"Nifanyie yote ya jana," alisema. "Tangu kugeuza ufunguo. Usiruke kitu hata kama ni cha kijinga."

"Nilimwambia Koplo yote. Akaandika, 'Mtuhumiwa alikuwa akipaka rangi.'"

"Mimi sijui kusoma mwandiko wa Koplo. Nifundishe."

Idalina akavuta droo, akatoa jino jeupe lenye ukubwa wa ndizi nene. Lilikuwa limeshapigwa tupa, likasuguliwa kwa ngozi ya papa, likang'arishwa kwa majivu. Akampa Otília sindano ya kushonea tanga iliyotiwa kwenye mpini wa mti, akamwambia akate mstari mmoja. Sindano iliteleza ikakimbilia ukingoni.

"Usikandamize, dada! Hulimi viazi hapa. Uzito wa kidole tu, halafu unarudia."

Otília alirudia. Baada ya dakika ishirini shingo ilimuuma, na alikuwa amekata kinyumba kibovu chenye mlango uliopinda. Alipoliweka jino mezani ili alitazame, kinyumba kilipotea. Aligeuza jino huku na huku. Weupe juu ya weupe. Ilibidi alilaze mpaka mwanga wa dirisha ulipite kwa ubavu ndipo aone mikwaruzo.

"Sasa limelala," alisema Idalina. "Likitoka hapa ni zamu yangu. Fundi hakutia masizi kazi yake hata siku moja. Aliyekata hapaki, alisema. Akipaka, waliomo ndani wanamwita kwa jina. Wenzake walimcheka, lakini ndivyo alivyofunzwa na aliyemfunza."

"Kwa hiyo jino hili lililopotea alilikata lini?"

"Jumamosi jioni nilimwacha anamalizia. Jumapili hatufanyi kazi, na mimi nilikuwa kwenye masufuria ya supu tangu asubuhi. Jumatatu saa kumi na mbili nilifungua, nikalikuta mahali pangu, juu ya kitambaa. Kumbe yeye yuko kule nyuma ya mlango wa ngazi, ameshakufa, na mimi nawasha taa na kujiimbia." Alijifuta uso kwa mkono wa nguo. Otília alimngoja.

"Ulikagua amechora nini?"

"Niliona mashua tu, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Ilikuwa giza giza. Alinikataza kuchungulia, tangu Krismasi alikuwa analifunika nikiingia. 'Utaliona siku ya kulifuta,' alisema. Na safari hii alisisitiza nilifute mimi, mbele yake."

Alichota masizi ya taa kwenye kigae, akayachanganya na matone ya mafuta ya zeituni, akalipaka jino lote kwa kidole gumba mpaka kinyumba cha Otília, na weupe wote, vikafunikwa. Likawa bonge jeusi lisilo na sura.

"Hapo ndipo nilipofika jana. Lilikuwa hivi. Nikaliacha linywe, nikaenda kumwamsha tulifute pamoja."

"Hukulifuta?"

"Nilifungua mlango wa ngazi, dada. Ningelifuta saa ngapi tena?"

Otília alichukua kitambaa akafuta mwenyewe, polepole. Weupe ukarudi, na kutoka ndani yake kinyumba chake kikajitokeza, kila mkwaruzo mweusi na wa wazi, hata mlango uliopinda. Alilitazama muda mrefu kuliko kinyumba kile kilivyostahili. Kisha akatazama saa yake. Ilikuwa saa sita na robo.

Kila mvuvi mstaafu wa pwani ile hukaa akiangalia bahari. Watoto wake wakimgeuza kiti analalamika. Nahodha Januário Goulart, mwenye miaka sabini na saba, alikuwa amekaa barazani kwake akiutazama ukuta.

"Karibu, binti," alisema. "Kuna jibini na divai. Wewe ni Dutra wa akina nani? Wa Horta? Nilimjua Dutra mmoja, mwizi wa makasia."

"Huyo ni babu yangu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akatoa leso mfukoni akajifuta macho. Aliporudisha mkono, pembeni mwa pua yake palibaki alama nyeusi. Otília alikata kipande cha jibini.

"Nahodha, umeniokolea safari kwa kuwa jirani. Wewe ulimjua marehemu kuliko wote. Wanasema Idalina kaua kwa ajili ya bei ya jino."

"Hao hawajui kitu." Januário aliinamisha kichwa, akapunguza sauti. "Mimi sipendi kumsema mtoto wa Laureano. Lakini si bei. Ni picha."

"Picha gani?"

"Ile ya kwenye jino. Evaristo alinionyesha Jumapili, saa moja jioni, kabla sijaenda kwenye supu. Nikamwambia, Evaristo, usimwonyeshe mwanamke yule, utaleta maafa. Hakunisikia."

"Mimi sijaliona, nahodha. Nieleze ili niweke kwenye ripoti."

Naye akaeleza. Alieleza vizuri, kwa mikono, kama mtu wa baharini anavyoeleza. Mashua inavutwa na nyangumi, maji yanaruka pande zote mbili za omo. Laureano nje ya mashua, kamba imemzinga mkono, unaonekana hata msokoto wa nyuzi zake juu ya kiwiko. Evaristo amesimama, shoka la kukatia kamba liko hewani, na halishuki.

"Halishuki," alirudia Otília.

"Aliganda, masikini. Angekata tungempoteza nyangumi lakini tungempata mtu. Miaka thelathini na sita alikuwa nalo moyoni, akaamua kulichora. Yule mwanamke akaona baba yake alivyoachwa. Wewe ungefanya nini?" Akatoa tena leso. "Mimi simlaumu, binti. Hakimu naye asimlaumu sana."

Otília alimaliza jibini yake. Aliweka mezani jino la kinyumba, aliloazima kwa Idalina, na kando yake la pili, jeupe, ambalo pia lilikuwa limetoka kwenye droo ya Fundi.

"Kwenye hili la pili pana nini?"

Januário alilichukua, akalisogeza, akalirudisha. "Hapana kitu. Jino tupu."

"Pana meli ya milingoti mitatu na matanga kumi na saba. Fundi aliikata mwezi uliopita. Haijatiwa masizi."

Mzee alilisukuma jino kando.

"Hukuwahi kujifunza kazi hii, nahodha?"

"Kazi ya wavivu. Mimi nilikuwa naongoza mashua."

"Mimi nilijifunza leo asubuhi, dakika arobaini. Jino la Fundi lilikuwa jeupe kama hili Jumapili saa moja jioni. Lilikuwa jeupe saa nne usiku. Jumatatu saa kumi na mbili Idalina alilipaka, likawa jeusi lote, halafu akaenda kumwita Fundi. Kwa hiyo mwanamke hakuiona picha, si kabla Fundi hajafa wala baada. Mtu mmoja tu duniani ameiona. Ni yule aliyelifuta." Akanyoosha kiganja. "Naomba leso yako."

 Kule chini lile kasia, au chochote kile, liligonga mara mbili. Januário alishtuka waziwazi, mtu mzima vile, akashika ukingo wa meza.

"Unasikia?" aliuliza.

"Nasikia."

"Basi si mimi peke yangu," alisema, na ilionekana kama imempa ahueni. Alitoa leso, nyeusi ya mafuta na masizi. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, upande wa pili, akatoa jino.

"Nimekwenda gatini mara mbili kulitupa. Nikinyanyua mkono naona ninamrudishia Laureano mkononi. Nikashindwa."

Otília alilipokea kwa karatasi. Picha ilikuwa kama alivyoelezwa, isipokuwa jambo moja. Nyuma, kwenye tezi, mtu wa usukani alikuwa amesimama na kiganja chake kimeinuliwa, wazi, kuelekea kwa mwenye shoka.

"Hapa uliniruka," alisema. "Huyu anasema nini?"

"Subiri." Mzee aliangalia kiganja chake mwenyewe. "Nilisema subiri. Basi. Yule alikuwa nyangumi wa kwanza kwa miezi mitatu, nyumba zote zinakula maganda ya mahindi. Nilidhani Laureano atajinasua, alikuwa na nguvu yule. Kuhesabu mpaka tano tu, binti. Evaristo alinitii kwa sababu nilikuwa nahodha wake. Tuliporudi nikawaambia wote watano, alinyakuliwa hatukuwahi. Wote wakaapa."

"Na Jumapili?"

"Saa nne usiku akaniita kwake. Akasema kesho mtoto atalifuta kwa mkono wake mwenyewe, ataona, atuhukumu. Tulikuwa juu ya ngazi. Nikamkaba ukosi, namtikisa tu, namwambia tumebaki wawili, tufe nalo. Akajing'oa." Alionyesha kwa kidole mpaka chini sakafuni. "Niliposhuka nilipita mezani na taa. Nikaona jino jeupe. Nikasema, mzee alikuwa ananitisha, hajachora chochote. Nikaliacha pale pale. Asubuhi alipolia yule mwanamke nikaingia, nikalikuta jeusi, na hapo ndipo nikajua. Nikalifutia mfukoni, watu wakiwa wamesimama juu ya maiti. Nilipolitoa nyumbani, nilijiona kwa mara ya kwanza tangu siku ile."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini Belmiro alipompeleka Nahodha gatini. Hakumfunga pingu. Alimshika kiwiko, na watu waliotoka milangoni walirudi ndani bila kusema neno, kwa kuwa kwa nusu yao mzee huyo alikuwa baba wa ubatizo wa watoto wao.

Idalina alikuwa karakanani anafunga dirisha. Otília alimweleza kwa kifupi nani alimuua Fundi na kwamba yeye yuko huru. Kuhusu picha, alisimama na kifurushi mkononi akikigeuza geuza. Angeweza kuondoka na jino lile. Kesi ingekuwa Horta, na huenda mwanamke asingeitwa kuliona.

"Ndilo hilo?" aliuliza Idalina.

"Ndilo. Halina jambo zuri ndani yake, dada. Si lazima."

"Alitaka nilione."

Otília akafungua karatasi juu ya meza, karibu na taa. Idalina aliinama. Kwanza aliangalia kifundi, jicho moja limefumbwa, akanung'unika kwamba maji ameyakata kwa wingi mno pale kwenye omo. Kisha akanyanyua mkono. Kidole chake kilikuwa hewani, juu ya mwenye shoka.

"Huyu ni Fundi."

"Ndiye."

"Na hakukata."

"Aliambiwa asubiri, akasubiri."

"Miaka tisa," alisema Idalina. "Nimekula kwenye sufuria yake miaka tisa. Akiniita binti yangu." Otília alidhani atalipiga jino chini, akajiweka tayari kulidaka. Lakini Idalina alikuwa amesogeza taa karibu zaidi, upande wa kushoto, alipokuwa mtu wa majini.

"Uso wa baba ndio huu?"

"Nadhani."

"Mimi nilizaliwa miezi mitatu baadaye. Hatukuwa na picha yake. Harusi walifunga kwa haraka, hakukuwa na mpiga picha, na mama kila nikimuuliza yukoje alikuwa anasema ni kama watu wengine tu." Aliinama zaidi. "Mdomo uko wazi. Anamwita nani?"

 Gatini boti ilipiga honi.

"Hakufuta vizuri yule mshenzi," alisema Idalina. "Masizi yamebaki hapa, shavuni." Mkono wake ulikwenda kwenye kitambaa.

"Usiguse. Ni ushahidi sasa."

Mkono ulirudi. Idalina aliuweka chini ya kwapa, pamoja na wa pili, akaendelea kuinama mpaka pumzi yake ikafanya mvuke juu ya jino. Honi ikalia mara ya pili. Otília alianza kukunja karatasi, taratibu, kuanzia upande wa nyangumi, ili uso ule ufunikwe mwisho.

"Ngoja," alisema Idalina. "Ngoja kidogo tu."

Otília akaushusha mkono wake, akangoja. Alihesabu tano, akahesabu kumi, boti ikapiga honi ya tatu, ikaondoka na Koplo na mzee wake bila yeye.

"Masikio ni yangu," alisema Idalina.